Nchi ya Vigoda Baridi

Haya niliambiwa na wifi yangu Mejuma, wiki ile tuliyokuwa tukichambua mchele wa harusi ya binti yetu Sikujua, mvua za vuli zikiwa zimekataa kabisa kuja. Mejuma ni mtu wa kutembea tangu usichana wake. Njia aliyopita mpaka akafika nchi hiyo hakuisema, nami sikumbana. Mtu akikuletea wali umeiva, humuulizi kuni alizikata wapi.

Nchi yenyewe inaitwa Simamani. Watu wake ni wema, hilo Mejuma alilikariri mara nyingi. Ukifika kwao wanakupokea kwa bashasha, wanakushika mikono yote miwili, wanakuletea maji ya kunywa, kisha wanakwambia, "Karibu, simama." Nawe unasimama. Wenyeji wako nao wanasimama. Wanakula wamesimama, wanaposa wamesimama, wanalia msiba wamesimama, na vikongwe wenye miguu mibovu huegemea ukuta. Mejuma alidhani ni umaskini wa viti, akaona haya kuuliza. Lakini alipotupa jicho uani akakuta ua mzima umejaa vigoda. Vigoda vya mbao, vya miguu mitatu, vimepangwa safu kwa safu, vingine vimebebana mpaka vimepita ukuta.

"Na hivi je?" akauliza.

"Hivyo vina wenyewe," akajibiwa.

Basi ngoja nieleze kama nilivyoelezwa. Watu wa Simamani wanapenda kuandika vitabu kuliko watu wote aliopata kuwaona Mejuma. Muuza mkaa anaandika, bi harusi anaandika, mkunga naye anaandika. Vitabu vyao havina karatasi wala jalada. Husomwa kwenye kioo cha mkononi, na anayekitaka hukinunua akiwa kwake, amejilaza au yuko shambani. Msomaji hamwoni mwandishi, na mwandishi hamwoni msomaji. Sasa mwandishi atajuaje kama amesomwa? Ndipo watawala wao wa zamani wakaweka sheria ya vigoda.

Sheria inasema hivi. Kabla kitabu hakijatoka, mwandishi atataja idadi ya wasomaji anaowangoja. Fundi atamchongea vigoda idadi hiyo hiyo, navyo vitawekwa uani kwake. Kila mtu mmoja anaponunua kitabu, popote alipo, kigoda kimoja uani kinapata joto, nacho hakipoi tena. Kisipopata mtu kinabaki baridi. Na ni mwiko mkubwa kumkalia msomaji wa mtu kigoda chake, hata kama bado hajaja.

Tena sheria inaendelea. Mara moja kwa mwaka ipo Siku ya Kupapasa. Mkaguzi wa Joto hupita nyumba kwa nyumba akapapasa vigoda. Mwandishi ambaye nusu ya vigoda vyake vina joto hupewa ruhusa ya kitabu cha pili. Asiyefika nusu, kioo chake cha kuandikia huchukuliwa, harudishiwi mpaka kigoda chake cha mwisho kipate joto. Yaani mtu aliyetaja kumi akapata sita, huyo ameshinda. Aliyetaja elfu akapata mia nne, huyo ameanguka. Nikamwambia Mejuma, mbona rahisi, si watu wangetaja kumi? Mejuma akacheka mpaka mchele ukamwagika. Akasema, "Wifi, hujawaona watu wa Simamani."

Alikofikia ni kwa mtu mmoja jina lake Shekue, na mkewe Mwanamkuu. Huyo Shekue alikuwa ametoa kitabu chake cha kwanza mwaka uliopita. Kilikuwa kisa cha mshona viatu mfupi aliyeoa mwanamke mrefu, kitabu cha kuchekesha, na mahali fulani cha kuliza. Vigoda vyake vilikuwa elfu moja. Ili vipatikane, Shekue aliukata mfenesi uliokuwa nyuma ya nyumba, akang'oa milango yote akaacha mapazia, na mwisho akalivunja kabati. Nguo za Mwanamkuu zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba sebuleni, mgeni akiingia anazipangua kwa mkono.

Aliyekitoa kitabu hicho ni mama mmoja anayeitwa Bi Arafa. Kule wako watoaji vitabu wakubwa, wenye matarumbeta na wapiga mbiu kila njia panda, na wako wadogo wenye vibanda. Bi Arafa alikuwa wa kibanda. Alipokipokea kitabu cha Shekue alikisoma, akakisahihisha, akakipenda. Kisha Shekue akamuuliza swali ambalo waandishi wote humuuliza. Mwanamkuu alikuwepo, na aliyaigiza mazungumzo yale mbele ya Mejuma kwa sauti mbili, ya mumewe na ya Bi Arafa.

"Bi Arafa, nichongeshe vigoda vingapi?"

"Arobaini."

"Mia nne?"

"Arobaini, Shekue. Nne na sufuri moja."

"Wewe mama unanitakia mabaya."

"Ningekutakia mabaya ningekwambia elfu."

Shekue akakasirika. Akasema Simamani ina watu laki. Akimpata mmoja tu katika kila mia, si elfu hiyo? Na kumpata mmoja katika mia ni shida gani? Yeye ni mtu mwenye kiasi, hana tamaa. Kwani hakuwepo bibi mmoja wa Bonde la Juu aliyejaza vigoda elfu saba? Yeye ameomba saba? Ameomba moja!

Bi Arafa akamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamuuliza, "Na huyo mmoja katika mia, jina lake nani? Anakaa mtaa gani? Nani atamwambia kwamba wewe umeandika? Mimi sina tarumbeta, Shekue. Nina mdomo wangu huu, na wewe una wako."

"Kitabu kizuri kinajiuza."

"Hata embe halijiuzi, mwanangu. Lina mtu amekaa nyuma yake anapiga kelele."

Shekue akaenda kwa fundi akataja elfu.

Wiki ya kwanza kitabu kilipotoka, vigoda kumi na moja vikapata joto siku moja. Shekue akaruka. Akapiga hesabu: kumi na moja kwa siku, kwa mwaka ni elfu nne, basi vigoda havitatosha! Akataka kung'oa na dari. Mwanamkuu akamzuia, akamwambia, "Bwana we, shangazi zako ni wangapi?" Akahesabu. Pamoja na shangazi za mama yake, walikuwa kumi na mmoja. Kule joto hilo lina jina lake kabisa, huitwa joto la shangazi. Sheria inalikubali, maana shangazi naye ni mtu na amenunua, lakini wenye akili hawalizidishi kwa kitu chochote. Baada ya hapo vigoda vikawa vinapata joto kimoja kimoja, wiki nyingine kimoja, mwezi mwingine hakuna. Na kila asubuhi Shekue alikuwa akipita na kiganja, baridi, baridi, baridi, mpaka uso wake nao ukawa kama umekatwa kwenye mbao ile ile.

Mejuma alipofika, Siku ya Kupapasa ilikuwa karibu. Mji mzima ulikuwa hauna mazungumzo mengine. Wakampeleka hata Barazani kusikiliza wakubwa wakijadili. Wote walikuwa wamesimama, na Mejuma anasema kama wangekuwa na viti mjadala ule ungekwisha mapema, kwa sababu mtu akisimama kwa muda mrefu hujiona ana la kusema.

Palikuwa na makundi mawili. Kundi moja linaitwa watu wa Mchana. Hao wanataka vigoda vipapaswe saa sita ya mchana, jua likiwa utosini. Mkubwa wao, mwenye kanzu nzuri, alisema, "Saa sita vigoda vyote vya nchi hii vina joto. Hakuna mwandishi aliyeanguka! Je, kuna nchi nyingine duniani yenye mafanikio kama haya?" Watu wakapiga makofi. Kundi la pili ni watu wa Alfajiri, wanaotaka kupapasa kabla jua halijatoka. Walikuwa watatu tu, na mmoja wao alikuwa anasinzia.

Mmoja wa Alfajiri akauliza, "Mheshimiwa, na joto la jua ni msomaji?"

"Jua linatuangaza sote," akajibu wa Mchana, "sasa wewe unalitenga kwa nini?"

Hapo wakaingia kwenye vuguvugu. Maana kuna waandishi ambao hutoa kitabu bure siku moja, na siku hiyo vigoda mia mbili vinapata uvuguvugu. Watu wamekichukua kitabu kwa sababu ni cha bure, wamekiweka, hawajakifungua. Je, vuguvugu ni joto? Wakajadili mpaka alasiri. Mwisho ikaamuliwa kwamba vuguvugu ni joto la baadaye.

Mkaguzi wa Joto mwenyewe, Bwana Pazi, alikuwepo pembeni. Mtu mwembamba, mrefu, na mkono wake wa kulia alikuwa ameufunga kitambaa chenye maji ili usipate joto bure. Mejuma akamuuliza kama watu hawamdanganyi kwa kuvikalia vigoda wenyewe.

"Wanakaa, mama," akasema Bwana Pazi bila hasira. "Wanakaa wao, na wake zao, na wakwe. Lakini joto la makalio hukaa katikati ya kigoda. Joto la msomaji hushuka mpaka miguuni."

"Na utapita kwa watu saa ngapi, mchana au alfajiri?"

"Baraza halijaamua. Kwa hiyo kila mwandishi huchagua. Nina miaka mingi katika kazi hii, na hakuna aliyewahi kuniita alfajiri."

Hata huo mchana, Shekue hakuuamini. Jua likiwa kali, kweli vigoda vyake vyote vingepata joto. Lakini msimu ule mawingu yalikuwa yakitanda kila siku tangu asubuhi. Siku tatu zilizobaki alikuwa anatazama juu kama kuku anayeogopa mwewe. Hali chakula. Ukimsemesha anakujibu la jana.

Sasa siku ya pili ya hizo tatu, Mejuma alikuwa amerudi kutoka sokoni na Mwanamkuu, wamebeba mihogo, na miguu ya Mejuma ilikuwa imevimba kwa kusimama tangu aingie nchi ile. Akafika uani, akatua kapu. Akavuta kigoda kilichokuwa karibu, akakaa.

Ukelele uliotoka kwa Shekue ulisikika mtaa wa pili.

"Hee! Dada! Umemkalia msomaji wangu!"

"Msomaji gani, shemeji? Mimi nimekaa juu ya ubao."

"Yuko njiani!"

"Akija nitampisha."

Mwanamkuu akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameshika mbavu, kisha kicheko kikageuka pumzi ndefu. Akavuta kigoda cha pili, akakaa karibu na Mejuma, akanyoosha miguu. "Wallahi," akasema, "mimi nimesimama tangu mfenesi ulipoangushwa. Na huyu wangu akija nitampisha."

"Na wewe!" Shekue akasema. "Mke wangu na wewe!"

"Mkeo nina miguu, Shekue."

Shekue akatazama wale wanawake wawili waliokaa, akatazama safu zile. Akasema kwa sauti ndogo, "Keshokutwa Pazi atachukua kioo changu. Mimi elfu sikuitaka kwa majivuno. Nilitaka niandike cha pili. Yule mshona viatu wangu amepata mtoto, na mtoto bado sijampa jina. Kioo kikienda, mtoto yule atabaki hivyo hivyo, hana jina, hajakanyaga chini."

Mejuma anasema hapo ndipo alipomwonea huruma, maana kumbe mtu hakuwa analilia elfu. Alikuwa analilia mtoto wa kwenye kitabu.

"Vilivyopata joto viko vingapi?" akamuuliza.

"Vichache."

"Vichache vingapi?"

"Thelathini na saba." Akaitaja idadi hiyo kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Viko wapi?"

Mwaka mzima Shekue alikuwa anapita akitafuta vilivyo baridi, na alipogusa chenye joto alikuwa akiendelea mbele haraka haraka ili ajue kama na kinachofuata kinalo. Vile vyenye joto vilikuwa vimetawanyika katikati ya elfu, hata hajui ni vipi. Basi wakaanza kuvitafuta, wote watatu, kwa viganja. Kila walipokipata kimoja Mwanamkuu anaita "Huyu hapa!" na Shekue anakibeba mpaka pembe ya jikoni. Kazi ile iliwachukua mpaka alasiri. Bi Arafa akapita kuwajulia hali, akakuta wanapapasa, asiulize kitu, akafunga kanga kiunoni akaingia safu ya mwisho.

Vikapatikana vyote. Wakavipanga mduara. Shekue akasimama kuvitazama. Vilijaza pembe ile mpaka njia ya kuingia jikoni ikawa haipitiki.

Mejuma akamwambia, "Shemeji, wangekuja hapa leo watu thelathini na saba, tena hata si ndugu zako wote, wanasema wamekuja kukusikiliza wewe. Wali ungewatosha?"

Mwanamkuu ndiye aliyejibu. "Wali? Hata maji ya kunawa yasingetosha! Ningekwenda kuazima masufuria mtaa mzima!"

"Na sahani," akasema Bi Arafa.

"Na sahani! Na mikeka! Thelathini na saba, wewe unajua thelathini na saba ni watu wangapi?"

Shekue akainama akaweka kiganja juu ya kigoda kimoja. Safari hii hakukiondoa. Mejuma alikuwa anamtazama, akaona uso wake unabadilika.

"Kinatikisika," akasema Shekue.

Bi Arafa akaweka mkono naye. Kweli, kigoda kilikuwa kinatikisika kidogo sana, kama kifuniko cha sufuria inayokaribia kuchemka. Hata Bi Arafa, pamoja na umri wake wote kibandani, alikuwa hajui habari hiyo. Watu wa Simamani hupapasa na kupita. Hakuna aliyewahi kungoja. Kumbe kigoda hutikisika wakati msomaji wake anasoma. Kilitikisika taratibu, kisha ghafla kikaruka ruka, kikarukia mguu mmoja.

"Anacheka!" Shekue akasema. "Bi Arafa, anacheka! Amefika pale bwana harusi alipojishonea viatu vya soli ndefu, vikanasa kwenye tope mbele ya wakwe! Lazima ni hapo!"

"Sasa wewe umejuaje?"

"Kwani mimi sijui nilipochekesha?"

Wakaenda kwa kingine na kingine. Vingi vilikuwa vimetulia, wenyewe wakiwa na shughuli zao. Kimoja kilikuwa kinatikisika kidogo kinasimama, kinatikisika kinasimama. Shekue akakisikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema kwa unyenyekevu, "Huyu anapiga miayo. Yuko sura ya nne. Sura ya nne niliirefusha mno." Bi Arafa akasema nilikwambia. Shekue akasema uliniambia.

Kisha Bi Arafa akawaeleza jambo ambalo lilikuwa kwenye sheria siku zote. Mwandishi anaruhusiwa kupunguza. Anavitoa vigoda uani kwa mkono wake, mchana kweupe, majirani wakiona, na idadi aliyoitaja inashuka. Sharti ni hilo tu, kwamba watu waone. Na kwa sababu ya sharti hilo hakukuwa na aliyewahi kufanya.

Shekue akakaa. Kukaa kweli, maana alikuwa ameketi chini kwenye vumbi. Halafu akanyanyuka, akachukua vigoda viwili baridi, kimoja kila mkono, akatoka navyo barabarani.

Basi, we! Mtaa ulifurika. Watu wakatoka majumbani wakaegemea kuta zao. Jirani wa mbele, ambaye uani kwake palikuwa na vigoda elfu mbili, akaita, "Shekue! Wasomaji wako wanahama?"

"Hawakuwahi kuhamia!" Shekue akajibu, akarudi kuchukua vingine.

"Mwenzetu umekata tamaa!"

"Nimekata mfenesi, jirani. Tamaa ninayo."

Walicheka sana, na kicheko chenyewe mwanzo kilikuwa cha kumcheka. Jasho lilimtoka na masikio yalimwiva, Mejuma anasema, lakini hakuacha. Wanawake wakamsaidia kubeba. Vigoda vikarundikana kando ya barabara. Ikawa sasa watu wamelizunguka lile rundo hawajui wafanye nini nalo. Bibi mmoja mwenye mkongojo akauliza, "Na hivi vikishatoka uani, bado ni vya wasomaji?"

Watu wakatazamana. Bi Arafa akasema, "Sheria inakataza kukalia kigoda cha msomaji. Hivi havina msomaji. Ni vigoda."

Bibi akavuta kimoja, akakaa. Sauti aliyoitoa alipokaa, Mejuma anasema hajaisikia tena, ni kama ya mtu aliyetua mtungi aliobeba kutoka ujana. Baada ya hapo hakukuwa na mjadala. Vikongwe walikuja, wajawazito wakaja, na magharibi yule jirani wa mbele naye akaja polepole, akachukua kimoja, akasema ni cha mama yake.

Shekue alibakisha hamsini. Mwanamkuu alimuuliza hivi kumi na tatu vilivyo baridi ni vya nini. Akasema, "Ni vya njiani. Mtu asiache kuweka sahani ya mgeni." Bi Arafa hakupinga.

Na akatuma habari kwa Bwana Pazi kwamba aje alfajiri.

Siku ya Kupapasa ilipofika, Mkaguzi alikuja kungali na giza, akiwa na kitambaa chake mkononi na uso wa mtu asiyeamini. Akakuta ua mpana, umefagiliwa, na vigoda pembeni. Akafungua kitambaa. Akapapasa kimoja kimoja, mpaka miguuni, pole pole, na kila alipopata joto aliitikia kwa kichwa kana kwamba anasalimiana na mtu. Shekue alikuwa amesimama na mkewe, wameshikana vidole. Kioo chake alikuwa amekiweka juu ya ukuta mbele ya Mkaguzi, kama kinatakiwa kichukuliwe, asije akasumbuka kukitafuta.

"Hamsini," akasema Bwana Pazi alipomaliza. "Thelathini na saba vina joto, nalo ni la wasomaji. Hakuna jua ndani yake." Akavigusa tena baadhi. "Kumi na moja ni shangazi."

"Ni shangazi," Shekue akakubali.

"Shangazi wanahesabika." Akachukua kile kioo kutoka ukutani, akamkabidhi mwenyewe mkononi. "Andika. Kitabu cha pili vigoda vingapi?"

Shekue akamgeukia Bi Arafa. "Mama, unasemaje?"

"Sitini," akasema Bi Arafa. "Wale wa kwanza wengi wao watarudi, na kila mmoja ana mdomo."

"Na shangazi?"

"Shangazi hurudi daima. Kama wanasoma, hilo sijui."

Shekue akafikiri, akahesabu kwa vidole, akatazama pembe ya jikoni. "Andika hamsini na tano," akamwambia Mkaguzi.

Bi Arafa akapiga kofi moja. "Tazameni! Leo ananipunguzia yeye!"

Wakamwambia Bwana Pazi, karibu, na wakasita hapo, kwa kuwa mazoea ni mazoea. Mwanamkuu ndiye aliyesema, "Karibu, kaa." Wakamtolea kimoja kati ya vile vya barabarani. Mkaguzi akakizunguka, akakipapasa kwanza kwa nyuma ya mkono, akaona ni baridi kabisa, hakina mwenyewe. Akakaa. Wakala mihogo ya nazi wote wamekaa, na Bwana Pazi akaomba kuongezewa, kisha akaenda zake kwa watu wa Mchana.

Siku nzima ile Shekue aliandika. Alimpa mtoto jina asubuhi, akalifuta adhuhuri, akampa jingine. Sura moja aliiona ndefu, akaikata mwenyewe bila kuambiwa. Jioni Bi Arafa akarudi kibandani kwake, akalala mapema kwa uchovu wa siku zile. Mwanamkuu akala, akazima moto wa jiko, akajilaza, usingizi ukamchukua akiwa anaeleza jambo la sokoni. Shekue alikuwa amevuta mkeka mpaka kwenye vile vigoda, anaandika kwa mkono mmoja na mwingine ameulaza juu ya kigoda kilichokuwa kinatikisika. Mejuma alimsikia akicheka peke yake, halafu hakumsikia tena. Akatoka na shuka akamfunika.

Kigoda kilikuwa bado kinatikisika chini ya mkono wa mtu aliyelala. Mejuma akaona si vizuri kumwacha msomaji huyo, mgeni wa watu, macho peke yake. Akavuta kimoja kati ya vile visivyo na mwenyewe, akakaa pale, akaweka kiganja. Hakujua kama ni mwanamume au mwanamke, kijana au mtu mzima, wala yuko upande gani wa nchi ile. Alijua tu kwamba anasoma pole pole, na kwamba hana haraka ya kumaliza. Kikatikisika, kikatikisika, kikapunguza. Kikaruka kidogo mara moja, kama mtu aliyeshtuka akarudia mstari. Kisha kikatulia, joto lake likabaki.

Alipokwisha kulala huyo, Mejuma naye akaenda akalala.